Mkasi Uliochelewa

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa nyumbani. Natumaini magoti yamepoa na sasa unapanda ngazi bila kugombana nazo. Sisi tu wazima, ila usingizi umetuhama, na sababu yake ina uzito wa kilo moja na robo.

Ndiyo, umekuwa bibi. Mwanetu amejifungua mtoto wa kiume, wiki kumi kabla ya siku zake.

Nilikuwamo chumbani nimemshika mkono. Mtoto alitoka na kilio chembamba. Mkunga, mama mfupi mwenye miwani, alimfunika kitambaa chenye joto, akashika mkasi, kisha akasimama tu. Kitovu hakati, midomo inamchezacheza. Nikamwuliza anasubiri nini. Akazidi kuchezesha midomo. Nikapandisha sauti, na unanijua nikipandisha, nikamwambia kama mkasi umemshinda anipe mimi. Wakanitoa nje.

Mtoto amelazwa kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Kwenye paji la uso wamembandika kidude kinachosoma oksijeni inayofika kwenye ubongo. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya kichwa chake ni laini mno: damu ikipungua ubongo unakosa hewa, ikija kwa kishindo mishipa inaweza kupasuka. Hata kichwa hulazwa kimenyooka, shingo isijikunje damu ikakwama. Siku nane nimeikodolea macho ile namba. Ikishuka, na mimi nashuka nayo. Niliogopa, mdogo wangu, nisikufiche.

Jana walimpiga picha ya ubongo. Hakuna damu iliyovuja, na namba imetulia. Daktari alisema safari bado, ila ameanza vizuri, na kwamba kule kuchelewa kukata kitovu kulimsaidia, maana damu yake nyingine ilikuwa bado kwenye kondo la nyuma, inamfuata.

Kuna jambo sijamwambia hata mwanetu. Siku ile ile aliyojifungua niliandika malalamiko kwa msimamizi, ukurasa mzima, kwamba mkunga alizubaa na mkasi mkononi huku mjukuu wangu anakufa. Wakamwondoa chumba cha kujifungulia, wakampeleka kukunja mashuka mpaka wachunguze.

Leo asubuhi nimekwenda kufuta maneno yangu, kisha nikamfuata huko huko kwenye mashuka. Nilijiandaa kutukanwa. Akavua miwani, akacheka. Akaniambia kwamba saa ya ukutani ilikuwa imekufa, kwa hiyo alikuwa anahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Alipofika hamsini nikamlipukia, hesabu ikampotea, ikabidi arudi thelathini. Kwa hiyo, akasema, mtoto alipata zaidi ya wenzake, na hiyo nyongeza imetoka kwa bibi yake. Nililia juu ya mashuka safi mpaka akanifukuza.

Kesho anarudi kwenye kazi yake. Kesho hiyo hiyo mwanetu atawekewa mtoto kifuani kwa mara ya kwanza. Nitakuwepo, na nimeahidi kufunga mdomo.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
yule yule wa kelele