Jina la Lucie Kwenye Mashua ya Papa Hubert

Kabondo, Kisangani
Tarehe 11 Machi 2025

Mpendwa kaka yangu, yaya Apollinaire,

Pokea salamu zetu sisi wote wa nyumbani. Natumaini wewe, bibi yako Olga na watoto munavumilia baridi ya Montréal, na kwamba mugongo umeacha kukusumbua. Sisi tunapumua. Malaria imemuachilia mama, lakini chakula anakigusa tu, na usingizi hana.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tumuache papa Hubert, mwenye mashua, kwa sababu alileta mchele na viti kwenye kilio cha mdogo wetu Lucie. Yaya, wewe hukuwa bandarini. Mimi nilikuwa pale. Nilimsindikiza Lucie na vitambaa vyake vya kuuza mjini Bumba.

Mawingu yalikuwa meusi upande wa chini wa mto. Kapteni Isaïe alikataa kuondoka. Nilimsikia kwa masikio yangu:

“Papa Hubert, mvua hii iko mubaya. Tungojee kesho.”

“Mashua ni yangu. Kama unaogopa, shuka!”

Isaïe akashuka. Wakamuweka mwingine kwenye usukani. Lucie akanipungia mkono, anacheka. Hawakufika hata Yangambi. Upepo ulipindua mashua.

Kwenye tribinali, avoka, wakili wa papa Hubert, alisema ni force majeure: dhoruba ni kazi ya Mungu, mwenye mashua hana deni kwa mutu. Nilieleza niliyoyasikia. Akanijibu kwamba nasema kwa uchungu wa dada. Bon, tukabaki na Isaïe kama shahidi. Aliapa, akatazama viatu vyake, akasema, “Mbingu ilikuwa safi.” Tukashindwa, kesi ikaishia hapo. Baadaye ndipo tukajua kwamba alishaahidiwa usukani wa mashua mpya ya papa Hubert.

Donc, basi, usinihubirie msamaha. Mungu amebebeshwa kosa la mutu, na sisi tuseme amina?

Sikia na hii. Jumapili papa Hubert alitualika kwenye baraka ya mashua hiyo. Ubavuni ameandikisha LUCIE kwa rangi nyekundu, eti kutuheshimu. Padri alipoinua maji ya baraka, mama akapita katikati ya watu.

“Padri, ngojea kwanza. Hii ni jina ya mutoto yangu. Nani alikuja kuniomba?”

Papa Hubert akacheka kidogo. “Mama, ni ukumbusho.”

“Futa.”

Mama akaketi juu ya ubao wa kupandia, miguu yake ikining’inia juu ya maji. Abiria wakasimama na mizigo yao. Hakuna aliyethubutu kumugusa. Mwishowe wakaleta rangi nyeupe, wakafunika herufi moja moja, mama akiangalia. Mashua ikaondoka bila jina. Isaïe alipita mbele yetu kwenye usukani, hakugeuza kichwa.

Papa Hubert akikupigia simu, usimshukuru kwa chochote.

Wasalimie shemeji Olga na watoto. Tantine Ursule, shangazi yetu, anakukumbuka kila siku. Bwana awafunike, na akuletee machozi uliyochelewa kulia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikukasirikia,
Adeline