Mashine Mpya Haipumziki

Mpendwa mama mshauri, nisaidie kabla sijaharibu mashine ya watu. Mimi ni fundi wa kupuliza rangi kwenye karakana ya samani, na kwa miaka tulitumia mashine ya pistoni ya kusukuma upepo wa kupulizia rangi, kuukuu, kelele zake za kupasua masikio, ikifanya kazi kidogo inachemka, tunaizima ipoe, na hapo ndipo dada anayeshona vitambaa vya viti chumba cha pili alikuwa akitoka, anakaa juu ya rundo la sponji, tunagawana chai, ananitania kwamba hata kope nimezipaka vanishi, nami nacheka tu, na ikishapoa kila mtu anarudi kwake, nabaki kuomba ichemke tena. Sasa bosi kanunua mashine mpya, ya skrubu badala ya pistoni, na siwezi kuisema vibaya, upepo wake hautetereki, rangi haitoki tena na madoa ya mafuta, bili ya umeme imeshuka, na imetulia hivi kwamba nasikia cherehani yake ng'ambo ya ukuta, lakini haichoki, mama, asubuhi hadi jioni haiombi kupumzika, hata chakula tunakula kwa zamu, namwona getini tu tukiagana, namkumbuka mpaka chai ya peke yangu hainishuki, na juzi nimesikia anataka kuhamia kwa kaka yake aliyefungua duka la mapazia, nami nimeshashika swichi nikitaka kumdanganya bosi kwamba mashine imechemka. Nifanyeje?

Fundi Vanishi

Pole, mwanangu. Kumkosa mtu aliye nyuma ya ukuta kunauma kuliko kumkosa aliye safarini. Lakini toa mkono kwenye hiyo swichi. Mashine imenunuliwa ifanye kazi bila kuchoka, na inafanya. Kosa ni lako uliyeiachia ile kuukuu ikutongozee. Miaka yote umekunywa chai na kuchekacheka, neno lenyewe hukulitoa, ulidhani ataliota? Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe umekohoa ndani ya kelele, nani angekusikia?

Mwombeni bosi muda wa chai, nyote pamoja. Mashine haihitaji kupumzika, watu wanahitaji, na kama ana akili atakubali. Ila wewe usiungoje huo muda, maana duka la mapazia halikungoji.

Umeandika mwenyewe kwamba unasikia cherehani yake. Basi kesho, kabla hujavaa barakoa, simama mlangoni kwake umwambie asiende, na umwambie kwa nini. Hutahitaji kupaza sauti.