Sufuria Yenye Kitambaa Chekundu

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya mke wangu, na ya tatu ni ya wanangu wawili, ambao wamegombana ya nani iandikwe kwanza mpaka nikaamua kuziweka pamoja. Huku hatujambo. Mimi bado ni fundi wa mashine za kutolea nakala, leo ofisi hii kesho ile, na vidole vyangu vingali vyeusi kwa wino kama ulivyoviacha. Vipi goti lako? Na hilo jicho la kushoto linasemaje? Na wewe Redio, dada yangu, unayemsomea mama yako barua hii, hujambo? Soma polepole, na usiongeze ya kwako.

Shangazi, habari zako zimenifikia. Redio aliniambia kwenye simu kwamba hospitali ya macho ya huku imekupangia tarehe ya kuondolewa mtoto wa jicho, na kwamba umekataa katakata kuja. Eti umesema afadhali ukungu wako kuliko kukaa mjini wiki sita ukila mkate mkavu na chai. Nilicheka. Kisha akaniambia kwamba juzi yake ulimwaga maji ya moto mezani ukidhani pale pana kikombe, nikaacha kucheka.

Sikulaumu hata kidogo. Ulipokuja miaka minne iliyopita tulikutia aibu. Kila tulikoalikwa tulisema mapema kwamba wewe huli kitu chochote kilichowahi kukutazama, tangu wageni walipochinjiwa yule mbuzi uliyemlea kwa mkono wako. Wote waliitikia vizuri. Halafu mmoja akaopoa vipande vya nyama akakupakulia mchuzi uleule, na mwingine akakuapia kwamba kuku si nyama. Siku ya mwisho nikakununulia mimi mwenyewe mkate mdogo wa duara katika duka la mikate la Wachina, nikakuambia ndani yake ni maharage. Ukauma, ukatemea kwenye leso. Hukunigombeza. Ulisema muuzaji ndiye amekosea, kisha ukasema, mbele ya mke wangu na wakwe zangu, kwamba katika dunia hii mtu mmoja tu hajawahi kukudanganya jikoni, naye ni mimi. Nitarudi kwenye neno hilo.

Basi tangu Redio aliponipigia, miezi miwili sasa, kila mchana nimekuwa nikikutafutia chakula. Wenzangu kazini wananiita Mkaguzi. Mtaa wa hospitali umejaa migahawa midogo ya watu kutoka Asia, ile ya meza sita na feni moja, na nimeingia karibu yote. Swali langu ni moja, nami naliuliza mpaka wahudumu wakiniona wanakonyezana. Kwa Mjapani nilipenda mboga za kukaanga, nyepesi hata hazichafui vidole, lakini mchuzi wa kuchovea ulichemshwa na samaki. Kwa Mkorea kabichi yao ya pilipili ilinitoa jasho la raha, mpaka mama mwenye mgahawa aliponiambia kwamba imesagiwa dagaa. Aliniona nilivyonyong'onyea akanipa tango bure. Kwa Mhindi nilichekwa. Mzee wa pale aliniambia sufuria zake hazijawahi kuijua nyama tangu zinunuliwe, nikatamani kumkumbatia. Dengu zake ni kali, lakini nimemweleza kuhusu tumbo lako naye amekubali kupunguza pilipili.

Nilirudi hata kwenye lile duka la mikate. Mwanamke anayeuza alinionyesha kwamba mikate yenye ufuta mweusi juu ina maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, na isiyo na ufuta ina nyama. Kumbe alama ilikuwapo siku zote. Wewe hukuiona kwa sababu macho yalikuwa yameshaanza kukusaliti, na mimi niliyekuwa na macho mazima sikuangalia. Nimekula hiyo ya maharage mingi mno, mke wangu anasema mkanda wangu wa suruali ni shahidi.

Lakini pa kweli nilipopapata ni nyuma ya hospitali, kwa Mchina wa tambi. Yeye huzivuta kwa mikono, anazirusha hewani na kuzikunja mpaka donge moja la unga linakuwa nyuzi mia. Nilimuuliza kama supu yake ina nyama, akasema haina. Wiki tatu nilikula pale nikikuona kabisa umekaa kiti cha mbele yangu, unapuliza bakuli.

Siku moja akatoka jikoni, akafuta mikono, akaketi mezani kwangu. Alisema mhudumu wake amemsimulia kwamba ninamtafutia chakula mama mzee anayekuja kutibiwa macho. Alisema yeye alidhani mimi ni mteja mwenye kuchagua tu, na ni kweli supu haina kipande cha nyama, lakini huchemshwa kwa mifupa ya kuku tangu asubuhi. Aliomba radhi huku ameinamisha kichwa.

Niliwaka, Shangazi. Nilimwambia kwamba anayemficha mtu kilichomo kwenye chakula chake amemnyang'anya haki ya kuamua juu ya mwili wake mwenyewe. Nilisema maneno makubwa makubwa, wateja wakageuka. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikakaa chini, nikaziangalia tambi mpaka zikapoa.

Redio, hapa usiruke. Najua utataka kuruka. Soma.

Shangazi, mwaka ule ulipougua ukabaki mifupa mitupu, muuguzi alisema unahitaji supu ya nyama, nawe ukageukia ukutani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeshampoteza mama mmoja. Nilikwenda kwa mwenye bucha, akanipa mifupa akidhani ni ya mbwa. Niliichemsha wewe ukiwa umelala, nikaichuja kwa kitambaa mara mbili, nikapikia maharage yako. Ulikula ukamaliza. Ukapata nguvu, ukarudi kwenye cherehani yako ya sare za shule, ukawa unawaambia majirani kwamba maharage ya mtoto huyu yamekutoa kaburini. Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilipenda kusifiwa, na niliogopa kwamba nikiacha utaugua tena. Niliendelea miaka mitatu, mpaka nilipoondoka kuja kusomea ufundi.

Redio aliniona. Alikuwa na miaka tisa, amesimama mlangoni na kidole mdomoni. Mtu ambaye habari haikai kwake hata nusu saa, hii ameikalia miaka ishirini na miwili, kwa sababu nilimlilia asiseme. Kwa hiyo usimgombeze yeye.

Yule Mchina hakuwa na haja ya kuniambia. Ningeendelea kumsifu, nawe ungekuja ukamsifu. Aliona haya akasema, nami nikaona haya kwamba mgeni amenizidi. Neno lile ulilolisema mbele ya wakwe zangu nimelibeba miaka minne kama viatu vya kuazima, na leo nakurudishia. Nisamehe, Shangazi. Ikiwa huwezi, kasirika, una haki. Lakini jicho lako halina kosa, uje litibiwe.

Nilimrudia Mchina nikamwomba radhi. Amenunua sufuria mpya kwa ajili yako. Humo anachemsha uyoga uliokaushwa, karoti, tangawizi na figili, na ameufunga mpini kwa kitambaa chekundu ili msaidizi wake asichanganye. Alinikaribisha jikoni nikasimama pale toka maji yalipotiwa mpaka supu ilipoiva. Ameniahidi kukupa kiti kinachotazamana na jiko, nami sitakugusia sahani wala kijiko. Siku za kwanza, jicho likiwa limefungwa, mke wangu atakupikia, na atakuambia kila anachotia kabla hajakitia. Chumba cha mbele tumeshakiondolea vitu vya watoto, na kitanda tumekisogeza karibu na dirisha.

Nisalimie jirani yako mpiga pasi, na umwambie goti lake nalo lipimwe. Wanangu wanauliza utakuja siku gani. Nimewaambia jibu ni la kwako.

Na barua hii usiitupe, hata kama imekuudhi. Uje nayo kwenye mkoba. Siku watakapokufungua jicho, baada ya kukiona kile kitambaa chekundu mwenyewe, uitoe uisome kwa macho yako, uone kama Redio aliruka.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
aliyekuwa mpishi wako.