Panya Watatu, Goti Moja

Vaishali, nimetoka maabara sasa hivi.

Unakumbuka siku ile narekodi neva ya sikio la panya, ile inayotuma ishara kwenye ubongo ili asipepesuke anapotembea, nikagonga meza kwa goti? Mchoro wa ishara ukatoka na kinundu.

Leo Profesa Kelkar kanionyesha makala yetu. Panya watatu, michoro mitatu, kinundu kilekile. KILEKILE.

Nikamwambia, "Profesa, huyu ni panya mmoja."

Anachovya biskuti kwenye chai. "Ketaki, binti yangu, wale wengine wawili walikufa kabla hatujarekodi hata ishara moja. Nani atajua?"

Nani atajua. Na juu ya hayo ananiita binti yangu.

"Goti langu linajua," nikasema.

Nikafuta jina langu kwenye makala, mbele yake. Biskuti ikamkatikia kikombeni.