Akoo, Karatasi Hii Ina Matundu Kumi

Akoo,

Assalaam aleikum. Makaburini tunawasalimia waliolala, basi nami nakusalimia kutoka hapa uwanja wa shabaha, Isiolo na jua lake, mbali na wewe. Wenzangu wana nyanya, mimi nilikuwa na Akoo, na mpaka leo nikitaja hilo jina polisi wenzangu wa kutoka Meru wanacheka.

Usishangae mwandiko wangu unapindapinda. Naandika nyuma ya karatasi ya shabaha, na katikati ina matundu kumi, nayazunguka. Tuko chini ya mgunga, tunaitwa mmoja mmoja kwenda kupimwa kupiga bastola. Mimi ni wa tisa. Sasa anapiga wa tatu. Siwezi kukaa, Akoo. Nimeinuka mara nne kwenda kunywa maji na kiu sina. Kananu, yule rafiki yangu tunayeishi naye mtaa wa Wabera, ameniambia nitulie, namtia kizunguzungu.

Leo ni mara yangu ya tatu kupimwa tangu uondoke. Risasi kumi, saba ziingie ndani ya duara. Nimeanguka mara mbili. Nikianguka leo, bastola inarudi ghalani na mimi napelekwa kaunti nyingine kukaa mezani kuandika kitabu cha zamu. Na kwenye barabara ya Garbatulla, ninakosindikiza wafanyabiashara wa mifugo, mwanamke ni mimi peke yangu. Wale kina mama wa maziwa ya ngamia, wenzako, husema wakiniona kwenye gari ndipo wanapanda. Nitawaambia nini? Kwamba mkono umenikataa?

Ngoja niseme ukweli, maana wewe nilikuwa sikudanganyi.

Unakumbuka ile Jumatano ulinipigia? Ulikuwa unakohoa. Ulisema, "Ngamia wangu Adi amezaa. Njoo umkamue, mikono yangu imechoka." Nikakuambia kesho nina mtihani wa shabaha, nikimaliza nitakuja. Nikimaliza! Maneno gani hayo ya kumwambia mgonjwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi nikapiga vizuri ajabu. Kumi kati ya kumi, zote katikati, zimekaa karibu karibu. Ni karatasi hii hii. Afande mkufunzi aliishika juu watu waione. Saa saba wote walipomaliza, nikaenda mbio kuchukua simu kwenye lile sanduku tunamoziacha, nikupigie nijisifu. Nikakuta mjomba Guyo amenitafuta mara kumi na moja.

Nilipofika kwetu Sericho kesho yake ulikuwa umezikwa. Alasiri ile ile ya Alhamisi, kama inavyopasa. Nilikuta udongo mbichi na matawi ya miiba juu yake. Sikukuosha, sikukuona, sikukuaga.

Tangu siku hiyo risasi zangu zinakwenda chini kushoto. Zote. Afande amenifundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Shika imara lakini usikabe. Tazama kile kinundu cha mbele cha kulengea, ubao wa shabaha uache ufifie. Toa pumzi, kisha vuta kifyatulio polepole mpaka mlio wenyewe ukushtue. Nyumbani nimefanya mazoezi na bastola tupu, nimeikagua mara mbili, shilingi moja imewekwa juu ya mtutu. Navuta, shilingi haianguki. Mara hamsini, haianguki! Kananu akasema mkono wangu ni jiwe. Nije hapa niwekewe risasi za kweli, mkono unakuwa maji.

Basi afande akaniwekea mtego. Alijaza magazini ya risasi mwenyewe nisione, akachanganya risasi nzima na moja bandia. Nilipoifikia ile bandia, bastola haikusema kitu ila tik, na mdomo wake ukainama kama mbuzi anayekunywa maji. Watu wote waliona. Afande hakunicheka. Alisema, "Dada, unaushtukia mlio kabla haujalia. Unaogopa nini?"

Nikamwambia sijui. Najua sana. Mara ya mwisho nilipopiga vizuri, ulikufa. Mkono wangu unaogopa kupiga vizuri tena. Ni upuuzi, naujua ni upuuzi, lakini nenda ukauambie mkono.

Ameitwa wa tano.

Nimekaa, nimeinuka tena. Nakumbuka ulivyonifundisha kukamua nikiwa na miaka tisa. Mguu mmoja chini, wa pili umekunjwa juu ya goti, chombo kiko pajani, na ngamia juu yangu mrefu kama nyumba. Nilitetemeka hadi maziwa yakamwagika. Ulinisonya, ukasema, "Ukingoja teke, utapigwa teke." Kisha ukanirudisha pale pale. Siku nzima. We Akoo, hukuwa na huruma hata kidogo! Jioni nilikamua chombo kizima na ngamia hakusogea.

Sasa sikia ya Adi. Wiki iliyopita nilipewa ruhusa ya siku tatu, nikaenda. Mjomba ananiambia tangu uondoke Adi aliyazuia maziwa. Mtoto ananyonya kidogo, lakini mtu akisogea anafunga na kurusha mguu. Wamejaribu wake za mjomba wote wawili, wapi. Mwishowe mjomba, yule mwanamume na ndevu zake, alijitanda mtandio wako ule wa manjano, ukiwa bado na harufu yako ya ubani, akaenda kumkamua. Adi akatoa maziwa! Kijiji kizima kilikuja kutazama. Wanawake wanamwita Akoo Guyo mpaka sasa. Wallahi nilicheka hadi nikakaa chini, na nikiwa nimekaa nikaanza kulia.

Ndipo nikamuuliza lile nililokuwa naogopa miezi yote. Kwa nini hamkuniita mapema? Kumbe yeye alidhani najua. Alisema asubuhi ile alishika simu kunipigia, ukamkataza. Ulisema, "Mwache mtoto amalize. Mtamtetemesha mkono." Simu zote kumi na moja zilikuja baada yako. Sijawahi kuangalia saa zake, Akoo, niliogopa kukuta moja iliyolia nikiwa napiga.

Kisha mjomba akainama chini, akasema ana dhambi anataka kuitubu. Kabla ya adhuhuri ulimuuliza, "Amepiga?" Hakujua. Lakini alikuona unahangaika, akakudanganya. Akasema, "Amepiga, mama. Zote zimeingia." Anasema ulicheka. Ulisema, "Nilimwambia asingoje teke," ukageukia ukutani, na hukusema tena.

Amebeba uongo huo muda wote huu. Anauliza maulamaa, anafunga, anatoa sadaka. Mimi nikafungua mkoba, nikamtolea karatasi hii. Akayahesabu matundu kwa kidole. Akayahesabu tena. Hakuwa amedanganya, Akoo. Saa ile nilikuwa nimeshapiga, ilikuwa imeshakuwa kweli. Tulikaa pale tumeshikana mikono kama wajinga.

Wa nane anarudi. Wameita jina langu. Ngoja.

Nimerudi. Kalamu inanichezea, lakini ni sasa tu, si kule.

Nilisimama kwenye mstari. Nikakishika kinundu cha mbele machoni, ubao ukafifia. Ule woga ukaja, umezoea njia. Nikajiambia, teke unalolingoja lilishakupiga, na bado umesimama. Nikatoa pumzi, nikavuta polepole, kama chuchu ya Adi. Mlio ukanishtua. Ukanishtua, Akoo! Miezi yote mimi ndiye niliyekuwa nautangulia.

Tisa ndani, moja nje. Ile moja ni ya saba, nilimkumbuka mjomba ndani ya mtandio wa manjano na kicheko kikanitoka. Afande aliuliza imekuwaje. Nikamwomba karatasi ya leo niondoke nayo.

Nafasi imeisha, sasa naandika pembeni kabisa. Sitaki kukuaga kwa maneno makubwa, hukuyapenda. Mungu akupanulie kaburi, akupe kivuli na maji, ulivihangaikia vya kutosha Sericho. Kuhusu ile Jumatano, nisamehe. Mjomba anasema ulishanisamehe kabla sijakosa, lakini naomba hata hivyo.

Na hii ni ahadi. Ijumaa napanda lori, karatasi zote mbili, hii na ya leo, zikiwa mfukoni. Mtandio nitauvaa mimi, mjomba apumzike na aibu yake. Nitasimama mguu mmoja chini ya Adi. Akitaka kurusha, na arushe. Maziwa ya kwanza nitawapelekea majirani kwa jina lako.

Lala, Akoo. Mtoto amemaliza.

Mjukuu wako,
Talaso