Yule Rafiki wa Kwenye Kitabu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imeacha kuvimba, na yale meno mapya umeyazoea kiasi cha kuyavaa hata siku ambayo hakuna mgeni. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu unalalamika, lakini ulianza zamani, kwa hiyo siuhesabu tena kama ugonjwa. Uzito wangu usiulize. Mwenyewe nimeacha kuuliza.

Najua ungependa simu kuliko barua. Ila simu yako hukaa kabatini chini ya mashuka, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu ayasome akiwa ametulia. Kaa basi.

Kwanza habari njema. Binti yangu Kidosho, mjukuu wako, ni mjamzito, na daktari anasema ni mtoto wa kike. Mumewe, yule fundi bomba, hataki abebe hata sahani. Juzi nilimkuta amempokonya ufagio, halafu hajui aufanyie nini.

Habari ya pili inamhusu Chiriku, rafiki yangu wa shule, binti wa yule mama mwenye duka la magauni ya harusi. Ameandika riwaya. Ndiyo, Chiriku yule yule tuliyedhani maneno yake yote yangeishia hewani. Nilinunua nakala tatu: yangu, ya Kidosho na yako. Yako sijaituma, na utaona kwa nini.

Ni hadithi ya msichana anayepata mimba akiwa bado shuleni, na rafiki yake anayemshikilia mpaka mwisho. Msichana ni mimi. Hilo halikufichwa, aliniomba habari zangu nikampa zote, huku nakata vitambaa na yeye anamaliza chai yangu. Zako hakuomba.

Ameandika vizuri, sitamnyima haki yake. Nililia mpaka nikalowesha gauni la mteja. Kisha nikafika pale rafiki anapofungua mishono ya sketi ya shule, anaitanua kidogo kidogo ili walimu wasigundue. Nikasema, hee, huyu si Shangazi? Nikaendelea. Baba anamfukuza binti, rafiki anampokea. Wodini nesi anauliza kwa kejeli baba wa mtoto yuko wapi, na rafiki anamjibu, "Andika mimi."

Hayo maneno ni yako. Nilikuwa nimelala pale nimeuma shuka, nikacheka katikati ya uchungu, nesi naye akacheka, na tangu hapo hakunifokea tena. Chiriku hakuwepo. Mama yake alimkataza kuonekana nami, naye akatii. Tukikutana bombani alikuwa anainamia ndoo yake kama kuna kitu kimedondokea humo. Chiriku alirudi wakati Kidosho ameshaanza kutembea, akamletea viatu vidogo vya njano, nami nikamkaribisha. Alikuwa mtoto kama mimi. Sijawahi kumsema kwa hilo, na hata leo si hilo linaloniuma.

Nikajiambia, ni riwaya. Mtunzi ana ruhusa ya kutunga. Hata mimi huwaambia wateja kwamba nguo imewakaa.

Kilichonivunja ni mkutano wa wasomaji, kwenye ukumbi wa maktaba. Mimi na Kidosho tulikaa safu ya mbele. Mwalimu mmoja akauliza kama yule rafiki alikuwepo kweli. Chiriku akaweka mkono kifuani.

"Rafiki huyo ni mimi," akasema.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na alikuwa ananitazama mimi, Shangazi. Hakukwepa. Alinitazama kama mtu anayeomba chumvi mezani, akijua atasogezewa. Nami, mjinga wako, nikapiga makofi pia. Mikono ilijiendea yenyewe.

Njiani Kidosho alikuwa anafuta macho. Akaniambia ameshaamua, mtoto atapewa jina la Chiriku. Akasema miaka yote kila akiniuliza nilimjibu tu kwamba mambo yalikuwa magumu, na leo ndiyo amejua kulikuwa na mtu aliyenisaidia kuyabeba. Nilitembea kimya mpaka nyumbani. Unanijua, mimi kunyamaza ni ishara ya homa.

Nilitaka Chiriku aseme mwenyewe, kwa hiyo nikamwita hapa. Akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza kama bado naficha biskuti nyuma ya nyuzi. Nikampa biskuti. Kisha nikamwambia sitaki ugomvi na sitaki kitabu kibadilishwe hata nukta. Nataka kitu kimoja: aende kwa Kidosho, wakiwa wawili tu, amwambie hakuwa yeye, kabla mtoto hajapewa jina.

Alianza kwa kusema kwamba nazeeka vibaya, tukacheka. Halafu akasema kama angekuwa na uhuru wakati ule, hayo yote angeyafanya. Nikasema najua. Akasema amemwandika rafiki aliyetamani kuwa. Nikasema najua hilo pia, na bado aende. Alikuwa amechukua kipande cha kitambaa mezani kwangu, anakikunja na kukikunjua.

"Watu wamempenda sana yule rafiki," akasema. "Unataka niwanyang'anye?"

"Hata mimi nilimpenda," nikamjibu. "Nilimsubiri pale bombani mpaka tumbo likanizuia kubeba ndoo."

Akainuka, akachukua mkoba. Alipofika mlangoni akasema, "Mwenzangu, usiniharibie," kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika mkasi. Kwa Kidosho hakwenda. Alichofanya ni kumpelekea kitanda cha mtoto, kizuri, cha mbao nyeupe, pamoja na salamu kutoka kwa "mama yako wa pili."

Hapo ndipo niliposema. Kidosho alikuwa amekuja nimpime gauni la kuvaa tumbo likizidi kukua. Nilianza nikiwa nimezungusha futi kiunoni mwake ili asiweze kukimbia. Nilimweleza sketi, nilimweleza baba aliponifukuza, nilimweleza nesi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimemlilia mtu ambaye hakuwepo," akasema. "Na wewe ukapiga makofi."

Alikasirika nami kwanza, kabla ya Chiriku, na nikaona ni haki yake. Kitanda kilirudishwa jioni ile ile. Mkwe wangu alikibeba kichwani, na majirani wote wakajua kuna jambo.

Chiriku nami hatuzungumzi. Cha kuchekesha ni kwamba nikisikia jambo la kipuuzi mtaani, mkono bado unakwenda kwenye simu ili nimpigie. Nani mwingine atacheka na vitu vyangu?

Kabla ya kuondoka Kidosho aliuliza kitu kilichonishangaza. "Hivi Bibi Shangazi anaitwa nani hasa?" Hakuwahi kulijua jina lako. Nyumba nzima ilikuita Shangazi, mpaka mwenye nyumba. Nikamtajia. Akalitamka mara mbili, polepole, mkono uko tumboni.

Ndiyo sababu ya barua hii. Tunaliomba jina lako. Mengine yako yalichukuliwa bila wewe kuulizwa. Hili hatulichukui mpaka useme mwenyewe. Ukikubali, tafadhali usianze kujishusha na kusema kwamba ulifanya kidogo tu. Ukikataa, tutakuelewa, ingawa fundi bomba ameanza kutengeneza kitanda chake mwenyewe, ameshalichonga jina kwenye ubao wa mbele, na herufi moja ameipindua.

Nisalimie mumeo, mwambie apunguze sukari. Nisalimie mdogo wangu dereva wa kreni na mkewe, na yule jirani yako anayekusomea barua ukisingizia miwani imepotea. Hii soma mwenyewe. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na miguu myepesi.

Mimi wako, unayenipenda hata nikikuchosha,

Bonge