Anagida Nini?

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kapita asubuhi, hata kukaa hakutaka. Mume wangu kasimamishwa kuendesha kreni. Mtunza stoo kamwambia meneja kuwa jamaa anagida huko juu kwenye kabini. Meneja hakuuliza zaidi. Kikao Ijumaa.

Nimemuuliza mwenyewe. Ameapa hajagusa pombe tangu binti yetu azaliwe. Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kukunja nguo. Nadhani mgongo huo umemuuma kuliko tusi.

Jumanne, 5 Machi

Amekonda. Mkanda kautoboa tundu jipya. Chakula anakula, ila mwilini hakikai. Nimemnusa mdomo akiwa amesinzia kwenye kochi — harufu tamu, kama tunda lililoiva mno. Si pombe ninayoijua. Lakini siku hizi pombe ziko za kila aina.

Nimepekua chini ya kitanda, mpaka ndani ya viatu. Hakuna kitu. Ningekuta chupa walau ningejua.

Mama mkwe kapiga simu. Ati mlevi haachi, hupumzika tu. Mwanawe huyo!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemvizia mtunza stoo getini. Nilijiandaa kwa adui, nikakuta mtu mzima mpole. Nikamuuliza: ulisema mume wangu anagida nini?

Akashangaa. "Maji, shemeji. Dumu zima."

Kumbe alikwenda kumsemea, kwamba jamaa anagida kama katoka jangwani, huenda ni mgonjwa. Meneja aliposikia "anagida" akainuka, hakungoja kusikia "maji". Nikamwomba kesho aje aseme hivyo hivyo. Akainamisha kichwa. Naye ana watoto, kasema.

Anagida. Nyumbani kwetu ndama aligida maziwa, sisi tuligida uji, mama akitukaripia tutapaliwa. Kunywa kwa pupa, basi. Nani kalipeleka baa neno hili? Na mimi je — nililisikia Jumatatu nikaanza kunusa.

Jioni nimemkuta jikoni kalikumbatia jagi, maji yanamchuruzika kifuani, koo linapiga gu-gu-gu. Macho yake juu ya jagi yalikuwa ya mtu anayeogopa. Nimemsihi twende hospitali. Hataki. Akikosa kikao watasema kakimbia.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi la hospitali. Mwandiko wangu siutambui.

Nilisubiri na shemeji nje ya kikao, mlango wazi. Kabla mume wangu hajaulizwa lolote aliomba maji. Akagida glasi, akagida nyingine, akavuta jagi la meneja. Wanakikao wakatazamana. Kisha akatapika, akateleza kutoka kitini.

"Si mnaona wenyewe?" meneja akasema.

Niliingia bila hodi. Mtunza stoo alikuwemo — alikuja! Akasema huyu hajalewa, anaumwa, tumbebeni. Wengine wakasitasita. Tumembeba sisi watatu: yeye, shemeji na mimi.

Hapa nesi kaniuliza alikuwa anakunywa nini. Nikasema, siku hizi anagida tu. Akaanza kuandika pombe. Nikamshika mkono.

"Maji, dada. Anagida maji. Na kukojoa hakumpi usingizi."

Kalamu ikasimama. Akamtoboa kidole, akatazama kimashine cha sukari, akatazama tena. Nimemuuliza kinasemaje. Akamwita daktari kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke.

Pazia wamelifunga. Nasikia wanamwita jina lake, hawaachi kuliita. Yeye simsikii.

Simu ya shemeji inalia. Meneja. Anauliza kama wameshampima pombe.